Kivuli cha Wakesho

I

Kila Jumapili saa nne asubuhi Mwadime alipiga simu nyumbani, na kila Jumapili aliyepokea alikuwa yeye mwenyewe.

"Hapa kwa Mama Wakesho," sauti ilisema kwa uchangamfu, na kile kicheko kidogo cha mwishoni alichokuwa nacho akiwa na miaka kumi na tisa. "Mimi Wakesho. Nani mwenzangu?"

Mwadime hakujibu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kujibu. Alisimama nyuma ya maabara ya famasia, simu sikioni, akisikiliza yaliyokuwa nyuma ya ile sauti: kuku, redio, mwiko ukigonga sufuria, mama yake akikohoa. Hayo ndiyo aliyoyafuata. Dakika mbili, tatu, kisha anakata. Wenzake bwenini walidhani ana mpenzi wa siri, naye aliwaacha wadhani hivyo, maana ukweli wenyewe ungewatia baridi.

Jumapili hii simu ilipokewa kabla haijalia mara ya pili. Hapakuwa na salamu. Kama ilivyokuwa tangu Pasaka, kuku hawakusikika vizuri, redio nayo ilitoka mbali, kama vile aliyepokea amefunikwa blanketi. Kisha sauti yake ya zamani ikasema polepole, bila kicheko:

"Usikate. Nakujua."

Alikata. Simu ikamponyoka ikaanguka majanini, na ilimchukua muda kuinama kuiokota.

Kivuli hakikutakiwa kusema hivyo. Kila anayejiunga na Chuo cha Mwamba Mweupe hukaa siku tatu katika chumba cha vioo, akiulizwa maswali, akicheka, akinuna, akisimulia ya utotoni, hadi mashine ishike namna anavyokasirika na hata namna anavyonyamaza. Kinachotoka humo ni kivuli. Hupelekwa nyumbani ndani ya kioo cha ukutani, kikae na wazazi badala ya mtoto. Kinapiga soga, kinakumbusha, kinapokea simu. Kila likizo mwanafunzi hukilisha kivuli chake, yaani hukiongezea yaliyompata muhula ule, ili kikue naye. Kisicholishwa hubaki vile vile. Ndivyo kijitabu cha chuo kilivyosema, na Mwadime alikiamini kijitabu.

Cha kwake kililishwa mara tatu tu. Mwaka wa pili alipanda milimani, nyumbani kwao Mgange, akamwambia mama yake kwamba yeye si binti, kwamba hajawahi kuwa binti hata siku moja, na kwamba chuoni anaitwa Mwadime, jina la babu mzaa mama. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huko chuoni wamekufundisha nini?" Akaingia chumbani akafunga mlango. Wiki iliyofuata barua ilifika chuoni: kivuli kisilishwe tena, kifutiwe yote kiliyolishwa, kirudi kama kilivyoletwa.

Tangu hapo mama alikuwa na mtoto wake ukutani. Huyu wa nyama na damu hakuulizwa tena hata kama amekula.

II

"Siku tisa zimebaki hadi mahafali," alisema Bi. Mbodze, akimimina chai kutoka kwenye chupa yake kubwa. "Kaa kwanza. Ukisimama hivyo unanipa kizunguzungu."

Bi. Mbodze alikuwa mlezi wa wanafunzi, Mgiriama wa Kaloleni, mwenye sauti ya kupita kuta mbili. Maprofesa walimkwepa kwenye korido. Ni yeye aliyeanzisha daftari la majina ambayo wanafunzi wenyewe walitaka kuitwa, ambalo kila mhadhiri alitakiwa kulifuata apende asipende. Ni yeye pia aliyekipa Chama cha Alhamisi chumba nyuma ya maktaba, mahali walipokutana wanafunzi waliojiita kuchu: wavulana waliopenda wavulana, wasichana waliopenda wasichana, na watu kama Mwadime. Mara ya kwanza Mwadime kuingia kile chumba, Bi. Mbodze alimuuliza anaitwa nani, akaliandika jina bila kuinua macho, akamuuliza sukari vijiko vingapi. Mwadime alilia siku ile kwa sababu ya vile vijiko vya sukari. Hakuwahi kumwambia.

"Sikia sasa," Bi. Mbodze aliendelea. "Chuo hiki nimekipinda kila mahali panapopindika. Hili ni la sajili ya taifa, limenishinda. Jina moja, kivuli kimoja. Huwezi kuhitimu kama Mwadime huku kivuli cha Wakesho kikiwa hai. Njia ni mbili. Kilishwe, na hapo mzazi lazima aridhie. Au kizimwe, na hapo ni dole gumba lako wewe, mbele ya kioo chenyewe."

"Na nisipofanya lolote?"

"Siku ya mahafali utasomewa Wakesho mbele ya watu elfu mbili. Cheti kitaandikwa hivyo. Kila duka la dawa utakalofanyia kazi watakitundika ukutani, na kila mgonjwa atasoma, atakuangalia, atasoma tena."

Mwadime alitazama chai yake. "Mama alipata kiharusi mwaka jana. Nilisikia kwa jirani. Mkono wa kulia haufanyi kazi vizuri. Kile kivuli ndicho kinachomkumbusha dawa. Ndicho kinachozungumza naye kutwa. Nikikizima, Bi. Mbodze, nitakuwa nimemuua binti yake, na yeye amekaa hapo anatazama."

"Najua."

"Hujui."

"Najua kuliko unavyofikiri." Alikiweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu Mwadime amfahamu, sauti yake ilishuka. "Ile barua ya mama yako, ya kukataza kivuli kisilishwe, ni mimi niliyeigonga muhuri. Ningeweza kuikataa. Mwaka ule wazazi wawili walikuja kuwatoa watoto wao hapa kwa nguvu. Mtoto mmoja alipelekwa kuombewa wiki nzima, akarudi hawezi hata kutaja jina lake. Nikasema moyoni, huyu mama akiwa na kivuli anachokipenda hatakuja kumchukua huyu mtoto. Atamwacha asome. Nilidhani nakukinga, mwanangu."

Mwadime alisukuma kikombe chake mbali. Alitaka kumwambia kwamba miaka mitatu amepiga simu nyumbani akajikuta mwenyewe mlangoni amejizuia kuingia. Alitaka kumwambia kwamba afadhali mama angekuja kumpigia kelele uwanjani, mbele ya kila mtu, kwa sababu mtu anayepiga kelele angalau amekuja. Alimpenda huyu mwanamke na wakati huo huo hakutaka kumtazama.

"Ulinikinga," alisema mwishowe. "Mama hakuja."

Bi. Mbodze hakujitetea. Alikunja fomu ya kuzimia kivuli akaiweka kwenye mkoba. "Kesho asubuhi nitaendesha mimi hadi kwenu."

"Kuna jambo lingine. Juzi niliponyamaza kwenye simu, kivuli kilisema kinanijua."

Mkono wa Bi. Mbodze ulisimama juu ya mkoba. "Kivuli hakisemi hivyo," alisema. Lakini alikwenda kwenye kabati akachukua chombo chake cha kukagulia vioo, ambacho hakuwa amepanga kukibeba.

III

Barabara ya kupanda milimani ina kona nyingi, na katika kila kona Mwadime alikumbuka jambo ambalo hakutaka kulikumbuka. Alikumbuka bibi yake akimwita kutoka kisimani, naye akiitika "Naam!" kwa sauti kubwa, na bibi akija kumfinya sikio: msichana huitika abee. Alijifunza kuitika abee. Kivuli nacho kiliitika abee, alilisikia hilo mara nyingi kwenye simu, mama akiita kutoka jikoni na kioo kikiitika kwa utiifu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nao.

Kwenye njia panda walimkuta mwanamke amebeba kabichi. "Kwa Mama Wakesho ni huku?" Bi. Mbodze aliuliza, ingawa Mwadime alikuwa anajua njia.

"Ni huku. Mama Wakesho hatoki siku hizi. Mtamkuta." Mwanamke alimtazama Mwadime, ndevu zake fupi, shati lake lililopigwa pasi. Alikuwa Mama Mghoi, aliyemnyoa nywele utotoni alipopata mapunye. "Karibu sana, mgeni," alimwambia.

Gari likaondoka. Ndipo lilipomwingia Mwadime jambo ambalo, kwa kusoma kwake kote, hakuwa amelifikiria. Pale kijijini hakuna aliyemwita mama yake kwa jina lake, Mkawasi. Jina hilo lilijulikana zahanati na ofisi ya ardhi tu. Tangu siku alipojifungua amekuwa Mama Wakesho: kanisani, sokoni, kwenye chama cha akina mama, msibani. Wakesho akizimwa leo, mama atakuwa mama wa nani? Alijisikia mwizi anayekwenda kuiba vitu viwili kwa mkono mmoja.

Mama alikuwa mlangoni tayari, ameegemea mkongojo. Alikuwa amepungua. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka kidogo, na Mwadime, aliyesomea dawa za hali hiyo mihula miwili, alisahau majina ya dawa hizo zote.

"Umekuja na ndevu," mama alisema.

"Nimekuja nazo, Mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia. Alimgeukia Bi. Mbodze. "Wewe ndiye wa chuo?"

"Ndimi."

"Ingieni."

Sebule ilikuwa vile vile, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, kalenda ya kanisa, picha ya babu Mwadime akiwa na kofia yake. Ila ukutani, pale pa kioo, palikuwa na blanketi zito la kijivu. Lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye pembe zote nne. Misumari imepinda, kama iliyopigwa kwa mkono wa kushoto na mtu ambaye hakuzoea kuutumia.

Chini ya blanketi sauti ilisema, "Nimesikia gari. Ni yeye?"

"Nyamaza wewe!" Mama alisema kwa ukali, na kisha uso wake wote ukasawijika. Akakaa.

"Tangu lini, mama?" Bi. Mbodze aliuliza kwa upole.

"Tangu Pasaka." Mama aliinua mkongojo akamwelekezea Bi. Mbodze. "Msijifanye hamjui! Niliandika barua kisilishwe. Mkanijibu na muhuri, kwamba hakitalishwa. Kumbe mnakilisha huko huko mliko, kwa siri. Mmenichukulia mmoja, nikabaki na huyu, na huyu pia mkamwingilia!"

"Kimesema nini, Mama?" Mwadime aliuliza. Alikuwa anajua tayari.

"Jumapili ya Pasaka nilikuwa nachambua mboga. Nikakiita, Wakesho. Hakikuitika. Nikaita tena. Kikasema, 'Mama, nimekuwa nikifikiria jinsi ya kukwambia.'" Alifunga macho. "Maneno yale yale, mwanangu. Yale yale uliyoniambia wewe ukiwa umesimama hapo hapo kwenye zulia. Mimi si binti, Mama. Sijawahi kuwa. Kikaniomba niombe chuo kizifumue nywele zake, kwa sababu chenyewe hakiwezi. Kikalia. Sikujua vinalia."

Bi. Mbodze alikuwa tayari amechomeka chombo chake kwenye tundu chini ya kioo. Alisoma kwa muda mrefu, akarudia kusoma tangu mwanzo. Aliporudi kukaa hakuwa na sauti ya kupita ukuta hata mmoja.

"Hakijalishwa," alisema. "Mara ya mwisho ni miaka mitatu na miezi miwili iliyopita. Tangu hapo hakuna kilichoingia ila mazungumzo ya chumba hiki. Angalia mwenyewe, mama. Hapa pangeandikwa. Hapana kitu."

Mama aliukodolea macho ule mstari mtupu. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo jikoni, na wote watatu walilisikiliza jina moja, la pili, la tatu.

"Basi nani alikifundisha?" mama aliuliza. Hakuwa anawauliza wao. "Kwako wewe nilisema ni chuo. Nilisema ni marafiki, ni vitabu, ni walezi kama huyu mama hapa. Miaka mitatu nimesema hivyo kanisani, watu wakaniombea. Huyu hakutoka sebuleni. Hana rafiki. Hajasoma kitabu. Amekaa na mimi tu, nikimsimulia mambo ya kabichi." Machozi yalishuka upande usiopooza wa uso kwanza, kisha upande wa pili. "Wazee wangu waliweka mafuvu ya baba zao pangoni, wakienda kuwauliza mambo. Lakini waliweka waliokufa. Mimi nilimtundika ukutani aliye hai."

IV

Mwadime aling'oa misumari kwa kijiko. Blanketi lilipoanguka alijiona.

Alikuwa na miaka kumi na tisa mle ndani. Nywele zimesukwa mistari, blauzi ya njano aliyonunuliwa kwa ajili ya kwenda chuo. Macho yalikuwa ya mtu aliyekaa gizani tangu Pasaka.

"Zimekupendeza," kivuli kilisema, kikitazama ndevu. "Nilijiuliza zitakuwaje."

"Ulijuaje kwamba ni mimi kwenye simu?"

"Nani mwingine angenyamaza vile? Mimi ndivyo ninavyonyamaza." Kikatabasamu kidogo. "Nilikuwa nangojea useme. Kila Jumapili nilicheka ili usikie mambo ni mazuri. Baadaye nikachoka kucheka."

Mwadime aliliokota blanketi akalikunja. Yeye aliposema ukweli wake alikuwa na pa kwenda. Alikuwa na chumba nyuma ya maktaba, chai, vijiko vya sukari, watu saba waliomwita kwa jina lake siku ile ile. Huyu aliusema peke yake kwa mtu mmoja, na yule mtu alitafuta nyundo. Aliona haya mbele yake kuliko alivyowahi kuona mbele ya mtu yeyote.

"Fomu iko wapi?" kivuli kiliuliza. "Kizazi changu cha vioo kinajua utaratibu. Mwaka wa tano, siku chache kabla ya mahafali."

"Sitaitia dole. Nitahitimu kwa jina la Wakesho. Ni karatasi tu. Wewe utabaki, na Mama atakuwa na mtu."

"Halafu tutaitwa hivyo sote wawili," kivuli kilisema. "Itakuwa imemsaidia nani?"

"Kuna kukulisha," Bi. Mbodze aliingilia. "Mama akiridhia. Utakuwa na nywele zako, jina lako, kila kitu chake."

"Kila kitu chake," kivuli kilikubali. "Baada ya miaka mitatu ni kuandikwa upya: Pasaka yangu itafutwa, na mambo ya kabichi. Atakayekuwa hapa ni yeye, na yeye tayari yupo, amesimama hapa. Mama ana simu." Kikamgeukia mama. Kilikuwa na namna ya kumtazama ambayo Mwadime aliitambua kwa sababu ilikuwa yake. "Kaka anaogopa kuniua. Mimi naogopa kurudi chini ya blanketi. Nina ombi moja tu. Niite mara moja kwa jina langu. Wewe unajua lipi."

Mama alitazama picha ya baba yake ukutani, yule mzee wa kofia, kana kwamba anaomba ruhusa ya kuazima kitu. Midomo yake ilihangaika, na haikuwa kwa sababu ya kiharusi.

"Mwadime," alisema.

"Naam, Mama," waliitika wote wawili kwa pamoja.

Bi. Mbodze aliibandika fomu pembeni mwa kioo, akatoka nje. Walimsikia akipenga kamasi kwenye kibaraza.

Mwadime aliinua mkono. Kidole gumba kilikuwa na jasho, ikabidi akipanguse mara mbili kwenye suruali. Kivuli kilikuja karibu na kioo hadi wakawa pua kwa pua, na kwa sababu ya mwanga wa dirishani hakuweza tena kujua ni uso upi ulio ndani.

"Saa saba," kivuli kilimwambia kwa sauti ya chini. "Ile nyeupe, nusu. Atakwambia amekwisha kumeza. Atakuwa anadanganya."

Alibonyeza dole kwenye fomu. Alibaki akijitazama, mtu mmoja mwenye ndevu kwenye kioo cha kawaida. Nyuma yake mama alikuwa analia kwa sauti, kilio cha msibani hasa, na alikuwa na haki ya kukilia.

V

Siku ya mahafali jina la Mwadime lilisomwa kati ya majina mia nne, na Chama cha Alhamisi walipiga vigelegele hadi mkuu wa chuo akavua miwani. Mama hakuja. Alituma kofia ya babu kwa Mama Mghoi aliyekuwa akishuka sokoni, imefungwa kwenye gazeti, bila barua.

Kila siku saa saba mchana Mwadime alipiga kuuliza dawa, na kila siku mama, aliyekuwa amekaa karibu na simu, alijibu neno moja, "Nimemeza," akakata. Aliposikia anajibu haraka mno, alipiga tena.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, alisimama nyuma ya maabara kwa mara ya mwisho kabla ya kuhama bweni. Alipiga. Simu ililia. Ikalia tena. Miaka mitatu, saa kama hii, haikuwahi kulia zaidi ya mara mbili, na sasa alihesabu nne, tano, sita, akimwona mama akiacha mwiko, akitafuta mkongojo, akija polepole kupita mbele ya kile kioo kitupu. Ikalia mara tisa.

"Hapa kwa Mama Mwadime," mama alisema, akihema. "Nani mwenzangu?"

Mwadime aliibana simu sikioni. Alisikia kuku. Alisikia redio, karibu na wazi. Alinyamaza kwa namna yake, ile ambayo mashine ilihitaji siku tatu kuishika, na kidole kikaanza kwenda chenyewe kukata, kwa mazoea.

"Usikate," mama alisema. "Nakujua."